Cherehani Imepotea

Kabla chai yake haijapoa, askari wa kaunta alikuwa ameshaandika simu mbili zilizopotea, na zote mbili zilikwapuliwa mchana kweupe. Ndivyo alivyoagiza mkuu wa kituo: wizi uandikwe upotevu, takwimu zishuke. Zilishuka kweli. Jiji likasifiwa kwa utulivu, na askari, Mungu amsamehe, alikuwa na mwandiko mzuri.

Wa tatu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mama aliyempunguzia suruali za sare tangu alipoajiriwa.

"Mwanangu, wamenivunjia mlango. Cherehani wamebeba!"

Kalamu ikasita. Kisha akaandika: cherehani imepotea.

"Imepoteaje? Chuma kizito vile, nilikidondosha njiani?"

"Lugha ya ofisi tu, mama. Weka sahihi, tutaitafuta."

Akaweka, maana alimwamini.

Saa nane mchana alirudi akihema. Kaiona mwenyewe kwa muuza vitu vilivyotumika, alama yake ya msumari ipo palepale chini ya gurudumu. Askari akachomoka naye, moyo mweupe. Muuzaji hakubabaika hata kidogo. Aliomba karatasi ya ripoti, akaisoma taratibu.

"Si imeandikwa imepotea? Basi mimi nimeiokota. Mwizi yuko wapi hapa?"

Askari akarudi mbio kituoni kuomba neno moja tu libadilishwe.

"Ripoti imeshakwenda makao makuu," mkuu akasema. "Ukibadilisha, nani kadanganya? Mwandiko wa nani ule?" Akamsukumia bahasha. "Hebu tulia, bwana. Umepandishwa cheo. Kashone tepe."

Mafundi wengine walikuwepo. Lakini miguu ilimpeleka kwa yule mama, na njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi. Alimkuta kibarazani, meza tupu mbele yake, anapinda gauni la mteja kwa mkono.

"Mama, mimi..." Akatoa bahasha na shati la sare.

Mama aliitazama bahasha, akaelewa. "Lete."

Akazishona zile tepe sindano kwa sindano, bila haraka, jua likishuka. Kazi ya dakika tano ikachukua saa nzima, na askari akaisubiri yote akiwa amesimama. Mwisho mama akakata uzi kwa meno, akamrudishia shati.

"Hongera, afande."

Miaka yote ile, hakuwahi kumwita ila mwanangu.