Kaburi la Mgomba

Kaka yangu Anatole alipopotea kwenye vita vya Abisinia, tulizika mgomba badala yake, tukiwa tumeuvika shati lake, kama tunavyofanya mtu akifia mbali. Kisha akarudi mzima. Kaburi tukaliacha pale nyuma ya nyumba.

Mwaka wa 1956 mzungu wa serikali alipita kwetu Baraka. Wanaume wote wakavua kofia. Anatole, aliyewahi kuona huko vitani wazungu wakinyoosha mikono juu mbele ya bunduki yake, hakuvua.

Chefu wetu, mkuu wa kijiji, akaja nyumbani akifoka.

“Mama Anatole, mutoto yako iko na kichwa ngumu! Zamani alikuwa anavua!”

Mimi nilitamani kumtupia mwiko. Mama aliendelea kutwanga muhogo, akaonyesha kwa mdomo nyuma ya nyumba.

“Ule wa kuvua kofia, Chefu, tulimuzika pale.”