Viatu Mlangoni pa Hema

Siku zote za hospitali Sumie alikuwa na neno moja tu: nyumbani. Mfupa wa nyonga ulikuwa umeshaunga, daktari mwenyewe alikiri. Hofu ndiyo iliyokuwa haijaunga. Alianguka akiinama kuvua viatu mlangoni pa nyumba yake kule mjini Kofu, Japani, na tangu hapo hakuinama tena. Ijumaa angepimwa: avue viatu mwenyewe, bila kushikwa. Akishindwa, mwanawe alikuwa ameshamtafutia nafasi kwenye makao ya wazee. Makao mazuri, yana bustani. Sumie aliyachukia kabla hajayaona.

Hirabayashi, kijana mpole aliyemfanyisha mazoezi ya viungo, alimbembeleza mpaka akachoka. Kila aliposema "inama kidogo, mama," mikono ya Sumie ilikishika kiti kwa nguvu zote, na hapo mazoezi yakaishia.

Jumatano mchana mjukuu wake, Chinatsu, aliingia na mkoba mkubwa.

"Bibi, nimekuletea ziwa."

"Ungeleta keki ningekula. Ziwa nilifanyie nini?"

"Ile katuni yetu ya wasichana wanaopiga kambi! Wameifanya mchezo. Unavaa miwani hii, unajikuta uko nao."

"Nivae dubwana hilo? Nitafanana na mzamiaji."

"Bora mzamiaji kuliko bibi anayenuna dirishani."

Sumie akacheka, akavaa.

Akajikuta kando ya ziwa. Mlima Fuji ulikuwa palepale pake, kichwa cheupe kwa theluji. Kuni zililia motoni, sufuria ya tambi ikafuka mvuke. Katika mchezo ule hapakuwa na adui wala mshindi; kazi ni kuchochea moto na kutazama maji. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, moyo wake ulitulia kabisa.

Msichana mwenye kofia nyekundu akafungua hema. "Karibu ndani, chai iko tayari!"

Sumie akachungulia. Blanketi safi limetandikwa, birika katikati.

"Viatu navua wapi?" akauliza.

"Humo huvui, Bibi," Chinatsu akamjibu. "Unaingia tu."

"Na viatu? Kwenye matandiko ya watu?"

"Mchezo huo! Hata miguu huna humo, hebu tazama chini."

"Miguu ninayo mimi. Mwacha mila ni mtumwa, na sijawa mtumwa wa miwani."

Chinatsu alifungua mdomo abishe, akaufunga. Bibi yake alikuwa ameachia kiti.

Sumie aliinama akinung'unika: hao waliotengeneza mchezo wamelelewa na nani, watu wazima wanaingia kwenye hema kama mbuzi! Nyonga ikavuta. Akaipuuza, kwa maana chai inapoa na wenyeji wanangoja. Akabandua kiatu cha hospitali, kisha cha pili, akapapasa sakafuni kidogo, akainuka.

"Haya. Hodi!"

Alikaa hemani mpaka chai ikaisha. Ndipo akasikia kwikwi kando yake.

"We Chinatsu, unalia?"

"Vua miwani, Bibi. Tazama chini."

Ziwa likaondoka, chumba kikarudi. Sakafuni viatu vyake vilisimama pamoja, vimegeuzwa, ncha zikielekea mlangoni, kama alivyovipanga nyumbani kwake maisha yake yote, tayari kwa mtu anayetoka.

Sumie alivitazama. Hofu ikarudi, nzima, ikamkaa kifuani. Mikono ikashika kiti tena.

"Nikuvalishe?" Chinatsu akauliza, ameshapiga goti.

"Ole wako uviguse!"

"Basi nikuwekee tena miwani, ikusaidie?"

"Mlangoni kwangu hakuna miwani. Nenda kamwite Hirabayashi. Mwambie Ijumaa ni mbali, aje aone sasa hivi."

Chinatsu akatoka mbio. Hirabayashi alipofika mlangoni, Sumie alimtazama usoni, akaachia kiti mkono mmoja, kisha wa pili, akainama kuvivaa viatu, apate kuvivua tena mbele yake.