Mwasho wa Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu Gamaliel wa Kamachumu alikuwa na pumu ya ngozi tangu utotoni, ila yeye aliiita vijidudu vya jasho. Ilimwamkia viwikoni na shingoni, hasa akivaa lile joho zito la kuongozea kwaya ya usharika.

Jumapili ya Mavuno, mwasho ulimshika katikati ya wimbo wa taratibu. Ubeti wa kwanza alivumilia. Wa pili akashindwa, akakuna kiwiko. Sauti ya nne, waliokuwa wakisubiri ishara yake, wakaingia kwa kishindo. Akakuna shingo, sauti ya kwanza wakapanda juu mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Alipojikuna kwa mikono yote miwili, kwaya nzima iliuimba wimbo mbio mbio, na waumini wakasimama kupiga makofi wakidhani ni mtindo mpya.

"Waitu, ndugu yetu, umerogwa," dada yake Annastella alimwambia walipofika nyumbani. Akampaka majivu yaliyokorogwa kwa limao. Gamaliel alikizunguka kibanja mara tatu, migomba ikimpiga usoni, akitoa sauti ambayo kwaya yake haijawahi kuifikia.

Kesho yake akaenda Bukoba mjini. Daktari Consolata alimkagua viwiko, akamuuliza anaogaje.

"Maji ya moto kabisa, daktari, na sabuni ya manukato. Vijidudu vife."

"Hakuna vijidudu, mwalimu. Ngozi yako ni kavu, halafu ina hasira za karibu. Haiambukizi, wala hujarogwa."

"Basi nitapona lini?"

"Itatulia, itaamka, itatulia tena. Kazi yako ni kuibembeleza."

Akamwandikia dawa ya kupaka kidogo siku za mwasho. Kila siku, aoge maji ya uvuguvugu, kisha ajipake mafuta mazito yasiyo na harufu kabla ngozi haijakauka. Joho lishonewe bitana ya pamba. Majivu, marufuku.

Gamaliel alitii kupita kiasi. Baada ya wiki chache viwiko vililainika, akawa analala usingizi mzima. Lakini Jumapili, mchungaji alipompa mkono mlangoni, mkono uliteleza, ukachomoka. Akamshika tena, ukachomoka. Mara ya tatu mchungaji akatoa leso.

"Mwalimu, umebarikiwa au umekaangwa?"

"Nimetulia, mchungaji," alijibu Gamaliel, aking'aa, akaingia ndani kuongoza.