Noti Kwenye Paji la Mbao

Spéciose alikubali kwenda kwenye ngoma ya watawa wa Kibudha kwa sababu kukataa kulihitaji maneno, na maneno yalikuwa yamemwishia tangu Agosti. Pema, mwanamke wa Bhutan aliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, alimfuata kwa gari nyumbani kwake Quakers Hill, huku ughaibuni, mvua ya Machi ikiwa imepumzika kidogo. Mchungaji angesikia kwamba muumini wake anakwenda kutazama vinyago vya Wabudha, angekemea pepo hadi Pasaka. Spéciose hakujali. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe: hakujali kitu.

Mumewe Bisimwa alikufa mwezi huo kwa korona, mji ukiwa umefungwa. Mke hakuruhusiwa kuingia hospitalini. Alionyeshwa mgonjwa kwenye simu. Aliona watu wawili wa plastiki ya buluu, barakoa na kioo usoni, na katikati yao macho ya Bisimwa yakihangaika huku na huku. Huyo ni mtu aliyewahi kuburutwa usiku kutoka kijijini kwao Walungu na watu waliofunika nyuso, akaponea chupuchupu. Mazikoni waliruhusiwa watu kumi tu, matanga hayakuwapo, na wanawake wa kanisa waliokuja baadaye kumliza mjane waliishia kulia wao.

Kutoka Bukavu, mama mkwe alikuwa na swali moja kila alipopiga simu: "Mutoto yangu alikufa na woga?" Mwishowe Spéciose akaacha kupokea. Ilikuwa miezi sasa. Mama wa watu anapiga, simu inalia juu ya kabati, mkwe anakunja nguo.

Uwanja wa watawa ulikuwa matope matupu. Tarumbeta ndefu zilinguruma, wakatoka wachezaji wenye vichwa vya mbao, fahali, paa, ndege, meno nje na macho kama sahani. Walizunguka polepole, mguu mmoja hewani, bila haraka ya kuushusha. Spéciose aliwatazama vile anavyoitazama mashine ya kufulia ikizunguka.

"Hawa ndio utakaokutana nao ukishakufa," Pema alimweleza kwa Kiingereza chao cha kazini. "Tunakuja kuwazoea tungali hai, ili siku ile tusiwakimbie. Sura zao zinatisha, lakini hawakuja kwa ubaya."

"Bisimwa hakupata kuwazoea," Spéciose alisema.

Kisha akainuka. Kwao Bukavu anayecheza vizuri hapigiwi makofi tu. Unamwendea ukambandika noti kwenye paji la uso, na hata huku, kwenye harusi za watu wa kwao wanaoishi Guildford, ndivyo wanavyofanya. Wale wawili wa plastiki kule hospitalini hakuna aliyewatuza. Wazo hilo lilimjia bila uchungu wowote, miguu ikalifuata. Pema alimwita, hakugeuka. Aliingia katikati ya ngoma ya watu na dola tano mkononi, akamkabili fahali, akambandika.

Noti haikushika. Kinachogandisha noti ni jasho, na mbao haitoki jasho. Spéciose akaikandamiza kwa kiganja, akabaki hivyo, uwanja mzima umemkodolea macho. Yale macho makubwa ya kinyago yalikuwa rangi tu. Ya kweli yalikuwa chini, ndani ya mdomo wa fahali: mekundu, yamechoka, yanamtazama. Macho hayo aliyajua. Ni macho ya mtu aliye zamuni, na yeye mwenyewe alikuwa ameyavaa mwaka mzima, ndani ya plastiki ileile, pembeni ya vitanda vya wazee wa watu.

Fahali hakurudi nyuma. Alimshika mkono, kiganja chake cha moto na chenye jasho. Hapo Spéciose akakumbuka kitu alichokiona kwenye simu siku ile, kikapita bila kumwingia: mmoja wa wale wa plastiki alikuwa amemshika Bisimwa mkono.

Akaomba radhi, akatoka uwanjani, akaenda kusimama karibu na magari, akapiga Bukavu, kulikokuwa ndiyo kwanza kunakucha. Mama mkwe hakumsalimu wala hakumlaumu. Aliuliza lilelile.

"Ndiyo, Mama, aliogopa," Spéciose alisema. "Lakini mutu alikuwa pale. Alimushika mukono."

Mama mkwe akaangua kilio, kilio kizima cha matanga ambayo hawakuyafanya. Spéciose alisimama kwenye matope, macho makavu, simu sikioni, akamsikiliza mpaka akamaliza.