Wageni Chumbani kwa Gatesi

Jirani yangu Rwema alipojenga nyumba yake, kwa kweli alijenga sebule. Vyumba vingine vilikuja kwa sababu sebule haiwezi kusimama peke yake. Humo aliweka makochi ambayo mtu mfupi akikaa miguu inaning'inia, televisheni pana kama mlango, na maua ya plastiki ambayo mke wake alitakiwa kuyapangusa vumbi kila asubuhi. Chumbani aliweka kitanda, masanduku, na ukuta mweupe mtupu kama wa zahanati.

"Nani anaingia mule?" alimwambia mkewe, Gatesi, alipoomba hata picha moja ya kutundika. "Chumba cha kulala ni cha kufunga macho."

Rwema alizaliwa Uganda, wazazi wake walikokimbilia, akaja nao hapa Gisenyi, kando ya ziwa, akiwa kijana. Anafanya kazi ya ofisi mjini na anapenda sana neno "konsepti". Gatesi ni mtoto wa huku huku ziwani, wa ukoo wa wavuvi wa sambaza, dagaa wa huku. Ni fundi cherehani, na nusu ya wanawake wa kanisa letu wanavaa nguo za mkono wake. Mimi nilikulia Karagwe, Tanzania, na hapa wananiita Mama Mwiza. Kati ya nyumba yao na yangu kuna ukuta wa mawe meusi ya volkano, mfupi kiasi kwamba habari hazihitaji kuruka.

Gatesi hakugombana na mtu. Alichukua maboksi matupu sokoni, akayapasua yakawa vibao. Akapika uji mzito wa unga wa muhogo, ukawa gundi. Akamwaga kitandani vipande vyote vya vitenge vilivyobaki kwenye kibanda chake cha kushonea, na kaka yake Jean de Dieu akamletea wavu uliochakaa. Kidogo kidogo ukutani likatokea ziwa. Wavu ulikuwa maji. Mitumbwi ilikwenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja, na ile miti yao mirefu ya nyavu ikichomoza mbele na nyuma kama sharubu. Wanawake walisubiri ufukweni na mabeseni. Kulikuwa pia na kuku mwekundu, kwa sababu tu kitambaa chekundu kilikuwa kimebaki.

Rwema aliporudi kutoka kazini alicheka mpaka akashika mlango. "Gatesi! Umeleta soko la Mahoko kwenye kitanda yangu?" Kisha akaacha kucheka. "Bon. Wageni wakikuja, ule mulango ufungwe."

Mlango ukafungwa, na mambo yangeishia hapo. Lakini Jumapili moja alikuja Mukantwari, kiongozi wa kwaya, mwanamke ambaye akisifu kitu mtaa mzima hukinunua. Alikuwa anatafuta choo, akashika kitasa kisicho chake. Tukasikia sauti yake kutoka ndani: "Yoo! Nani alifanya hii?"

Mimi na Gatesi tulikuwa jikoni, yeye anamimina chai. Kabla hajaweka birika chini, Rwema alikwisha fika mlangoni.

"Ni konsepti yangu," alisema. "Mi natoa wazo. Madamu anabandika tu."

Nilimtazama Gatesi. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

Tangu siku hiyo sebule ikawa ya kupitia. Mgeni alipoingia, hata hakukaribishwa kwenye makochi; alipelekwa moja kwa moja chumbani. Walikuja wanakwaya, wakaja watu wa ofisini, wakaja watu ambao hakuna aliyejua wanajuana na nani. Rwema alitafuta fimbo nyembamba ya kuonyeshea na akawa na maelezo. Mitumbwi mitatu, alisema, ni umoja. Mabeseni ni mwanamke wa kisasa. Na yule kuku ni uchumi wa kijani.

"Lakini iko mwekundu," mtu mmoja aliuliza.

"Donc, ndiyo sanaa yenyewe," Rwema alimjibu, na yule mtu akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Gatesi alilazimika kutandika kitanda kabla hajanawa uso. Nguo zake za ndani zilihamia kwenye ndoo jikoni. Akitaka kubadili nguo mchana alikuja kwangu. "Mama Mwiza," aliniambia siku moja huku anafunga vifungo, "mi nilitaka ukuta ya kuangalia nikiamuka. Sasa ile ukuta ndiyo inaniangalia."

Kisha akashikwa na malaria. Nilimpelekea uji, nikamkuta amelala na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, meno yakigongana. Sikuwa nimekaa vizuri mlango ukafunguliwa. Aliingia Rwema na fimbo yake. Nyuma yake alikuja Mukantwari, na nyuma ya Mukantwari alikuja Mbonigaba, mkubwa wa Rwema kazini, pamoja na mke wake.

"Rwema," nilisema, "mkeo ana homa."

"Tunaona haraka tu, Mama Mwiza. Gatesi, usiamuke, lala tu, hausumbui mutu."

Wakasimama kuzunguka kitanda. Wakatoa simu. Rwema akafika kwenye kuku. Mke wa Mbonigaba akainama na kusema, kwa adabu kabisa: "Pole mama. Unaweza kusogeza kichwa kidogo? Unafunika mutumbwi wa chini."

Na Gatesi akasogeza kichwa.

Baada ya siku chache alipona. Alirudi kibandani, akawa anarudi jioni na mifuko ya vitambaa. Alibandika kibao kikubwa kuliko vyote, akakitundika juu ya kitanda na kukifunika kwa shuka. Rwema alipouliza, alijibiwa kuwa ni kazi mpya, asifunue bado. Rwema hakuwa na haja ya kuiona. Alikuwa na haja ya kuifunua mbele ya watu. Akaalika wale wale wa siku ya homa, akaniomba na mimi nije kusaidia kuchoma brosheti, yaani mishikaki, akavaa suti ya harusi.

Chumba kilijaa. Rwema alisimama karibu na shuka, akakohoa.

"Hii moja nilifikiri muda murefu sana," alisema. "Kila kitu mutaona, kilitoka kwenye kichwa yangu mwenyewe."

Akavuta shuka.

Picha ilikuwa chumba kile kile. Kitandani alikuwapo mwanamke amelala na kitambaa kwenye paji la uso. Watu walimzunguka, kila mmoja na simu mkononi, hakuna hata mmoja anayemtazama. Nyuso hazikuwa na macho wala midomo, lakini hazikuhitaji. Mwanamke mnene alikuwa amevaa kitenge cha tausi, kile kile alichoshonewa Mukantwari kwa ajili ya Pasaka. Mwanamume wa katikati alivaa kijivu chenye mistari, kitambaa cha suruali ambayo Mbonigaba alileta kupunguzwa miguu. Mkewe alikuwa wa lesi ya njano, ameinama, kidole kimeelekea kwenye kichwa cha mgonjwa. Na mbele yao wote alikuwapo mwanamume mwenye fimbo, amempa mgongo anayetazama picha, wa rangi ile ile ya suti ya harusi.

Mbonigaba alitazama picha, akatazama suruali yake.

"Na hii pia ni konsepti yako?"

Rwema alifungua mdomo. Angesema ndiyo, amemtukana mkubwa wake. Angesema hapana, amejitukana mwenyewe. Akasema: "Iko… iko na maana nyingi."

"Maana tumeona," alisema Mukantwari, akachukua mkoba wake. Mke wa Mbonigaba alimtangulia mlangoni. Kwa mara ya kwanza mama huyo alimtazama usoni Gatesi, aliyesimama hapo, akasema "pole" kwa sauti ndogo, wakaondoka wote. Brosheti nilizila mimi na Gatesi, tumekaa kwenye makochi, miguu inaning'inia.

Siku hizi, nasikia, kuna wateja wanaosimama kibandani kwake wakisubiri mpaka wapewe kila kipande kilichobaki. Mukantwari hudai hata nyuzi.

Rwema alinuna. Ofisini walimpisha kwenye korido. Picha hakuthubutu kuigusa; angeiondoa, angekuwa amekiri. Jioni moja, Gatesi aliniambia, Rwema alisimama mbele ya ile picha, mikono mitupu, bila fimbo.

"Wote umewaweka uso mbele," alisema. "Mi, kwa nini ulinipa mugongo?"

"Sura yako sikuiona ile siku ya homa," Gatesi alimjibu.

Rwema hakusema samahani; neno hilo hajajifunza, wala kwa Kiswahili wala kwa lugha zake nyingine. Alikwenda jikoni akapika chai, akasahau majani, akamletea mkewe maji ya moto yenye maziwa. Gatesi alikunywa nusu, akamwomba aufunge mlango wa chumba.