Sufuria Halijagusa Chini

Sheria za sufuria la kijiji cha Prada hazikuandikwa popote, na labda ndiyo maana hakuna aliyewahi kuthubutu kuzivunja hadharani. Sufuria lenyewe ni la shaba, pana kiasi cha kumwogeshea mtoto, na mwaka mzima hulala kanisani limefunikwa shuka. Hutolewa siku moja tu, Siku ya Matembezi, mwezi Septemba, watu wa bonde na wageni wa mijini wanapopanda mlima huku wakila: kijijini mkate wa shayiri na nyama iliyokaushwa kwa moshi, nyumba ya kati supu, na mwisho kabisa polenta, ile sima ya mahindi ya manjano inayosongwa pamoja na siagi, soseji na jibini mpaka mwiko usimame wenyewe. Polenta hupikwa pale sufuria linapogusa chini kwa mara ya kwanza tangu litoke kanisani. Likishagusa, matembezi yameishia hapo.

Libebwe na mtu mmoja, wa nyumba yenye zamu au jamaa yake. Mtu wa nyumba nyingine alione likigusa kwa macho yake mwenyewe. Kuhusu maana ya "chini", wazee wa zamani waligombana mpaka wakanuniana kiangazi kizima, kisha wakakubaliana: benchi ni chini, meza ni chini, jiwe ni chini, kila kitu ni chini isipokuwa mwili wa binadamu. Mtu wa mbali ataona huu ni utoto. Aende akawaambie watu wa Prada.

Nyumba zenye zamu ni mbili. Ya kati ni ya Olivo Dalponte, katikati ya malisho, gari linafika mlangoni. Ya juu, karibu na mwamba, ilikuwa ya mdogo wake Silvano, na Silvano alipofariki ikabaki mikononi mwa mjane wake, Nives. Alipokuwa hai, kila zamu yake ikifika Silvano alilibeba sufuria hadi juu, na bonde zima likamfuata likihema. Tangu afe, zamu ya nyumba ya juu walikuwa wakimbebea watoto wa Olivo, na ajabu ni kwamba miguu ya vijana wale ilikuwa ikichoka palepale kwenye mlango wa baba yao. Nives alikuwa akimeza mate machungu na kushukuru.

Mwaka huu hakushukuru. Majira ya kuchipua kamati ya matembezi ilikaa, ikasema kwamba sufuria likiishia nyumba ya kati tena, basi mwisho utakuwa hapo daima, na njia ya kupanda juu haitafyekwa wala kutengenezwa tena baada ya theluji. Mtu anayeijua milima anajua maana yake. Njia isiyotengenezwa misimu miwili humezwa na mawe, na nyumba isiyo na njia ni rundo la mbao. Nives alikuwa ameingia nyumba ile akiwa bibi harusi na hakuwa na nyingine. Kamati walimwambia kwa upole sana, na upole ule ulimuudhi kuliko habari yenyewe.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Septemba vijana wa Olivo walipofika kanisani, walimkuta mama yao mdogo amekwisha kuvaa mikanda ya ngozi ya marehemu. Walidhani anatania. Aliwaambia wamtwike. Wakamtwika, sufuria likiwa limeinama mdomo nyuma, na uzito wake ukamsukuma hatua mbili mbele kabla hajapata mizani. Ines, mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa maneno machache, alimuuliza kama ana hakika. Nives akasema zamu ni yake, na kama kuna sheria inayosema mbebaji awe na ndevu, aonyeshwe.

Olivo ndiye aliyepaswa kumfuata awe shahidi. Walipanda pamoja kupitia msitu wa misonobari, yeye nyuma na fimbo yake, umati wa watu chini zaidi wakiwa bado wanatafuna nyama kijijini. Njia nzima aliongea. Alisifia hali ya hewa, akalalamikia bei ya nyasi kavu, akamkumbusha Nives umri wake kama vile aliusahau nyumbani. Nives aliitunza pumzi yake kwa kazi nyingine. Alipochoka alifanya kitu kimoja tu ambacho sheria inaruhusu: alipiga magoti, akalala kifudifudi njiani, sufuria likibaki juu ya mgongo wake, akapumzika uso ukiwa kwenye majani. Kisha akajikaza, akajikusanya kwa viwiko na magoti, akainuka. Haikuwa picha nzuri ya mwanamke mtu mzima, na Olivo alikuwa na adabu ya kutazama pembeni.

Nyumba ya kati supu ilikuwa inachemka, na harufu yake ilimfikia Nives mbali kabla hajaona paa. Olivo akaketi kwenye benchi lake, akanyoosha mguu.

"Mimi nimefika, Nives. Goti langu haliendi tena."

"Shemeji, wewe ndiye shahidi."

"Ndiyo nakwambia. Huko juu hakuna wa kukuona, sasa unakwenda kulitua mbele ya nani? Litue hapa, unywe supu. Hakuna atakayekucheka."

Ndipo Nives alipoelewa jinsi alivyotegwa. Kwa sheria, sufuria lisiloonekana likigusa ni kama bado liko hewani. Angeweza kulifikisha mpaka kileleni na likahesabiwa kuwa halijafika popote. Hasira ilimpanda mpaka akasikia masikio yanavuma, lakini hasira hiyo ilimsaidia: aliikaza mikanda begani.

"Basi nitasimama nalo mpaka mtu aje," akasema, na akaenda zake.

Sehemu ile ya juu ndiyo mlima wenyewe. Misonobari inaisha, njia inapanda kwa kupinda na kurudi, mawe yanateleza chini ya kiatu, na kuna pahala mtu hushika mnyororo uliopigiliwa kwenye mwamba. Nives aliushika kwa mkono mmoja huku mwingine ukilizuia sufuria lisigonge jiwe, kwa kuwa jiwe ni chini. Aliegemea mlima kwa ubavu, akavuta, akasogea. Mkanda wa bega la kushoto ulikuwa umemchubua, na alijua bila kutazama kwamba panatoka damu. Alimlaani Olivo, akailaani kamati, akamlaani kidogo na Silvano kwa kufa mapema. Akapiga moyo konde na kuendelea.

Alipofika mlangoni kwake hapakuwa na mtu, kama alivyotegemea. Unga ulikuwa ndani, jibini ndani, kuni zimepangwa jikoni tangu jana. Benchi lilikuwa palepale ukutani, limeota jua.

Hapa niseme wazi, majaribu hayakuwa madogo. Nani angejua? Angelitua, akapumzika, akisikia sauti za watu akalibeba tena. Lakini kwanza, peke yake asingeweza kujitwika mzigo ule kutoka chini. Na pili, ambalo ndilo lililomzuia hasa, Silvano alilifikisha hapa miaka yote bila kulitua, na yeye hakutaka kuwa mtu wa kwanza wa nyumba ile kudanganya. Akalala kifudifudi kwenye nyasi mbele ya mlango, akasubiri. Alipochoka kulala akasimama. Jua likasogea. Mbuzi wake wawili wakaja kumnusa wakaondoka.

Chini, kwenye nyumba ya kati, mambo yalikuwa yamemharibikia Olivo. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kimoja: sufuria. Watu walifika, wakanywa supu, wakaimaliza, wakaanza kuuliza polenta. Olivo alikuwa na masufuria yake mwenyewe, ya kutosha meza tatu nne, na hapo walikuwepo watu wa kujaza kanisa. Alijaribu kusema kwamba atapika kwa awamu. Wageni wa mjini wangekubali, hawajui kitu. Wenyeji hawakukubali. Polenta ya Siku ya Matembezi inatoka katika sufuria la Prada au si polenta, na sufuria lilikuwa halijagusa chini, kwa hiyo matembezi yalikuwa hayajaisha, kwa hiyo walikuwa wamekaa hapo wanafanya nini? Ines alisimama kwanza, akafunga kamba za viatu. Umati mzima ukamfuata na matumbo yao. Olivo alikaa kidogo peke yake na bakuli tupu, kisha goti likapona.

Nives aliwasikia kabla hajawaona. Alikuwa amelala wakati huo, na hakutaka kukutwa kifudifudi kama kobe, akajiinua kwa mara nyingine ambayo alidhani isingewezekana. Kijana mmoja mgeni, mwenye miguu mirefu, alifika mbele ya wote, akamwambia kwa huruma autue mzigo, yeye atapiga picha iwe ushahidi. Nives akamwomba asogee pembeni. Hakuwa na nguvu ya kumweleza.

Ines alipofika alitaka kushuhudia yeye, lakini Ines hana nyumba yenye zamu. Ilibidi wote wamsubiri Olivo. Akaja, mwekundu, akivuta mguu, watu wakampisha. Akasimama mbele ya shemeji yake. Upande wa kushoto wa blauzi ya Nives ulikuwa umelowa damu.

"Njoo karibu, uone vizuri," Nives akamwambia.

Akaingia jikoni kwake, akapiga magoti polepole, akageuza bega, na shaba ikagonga sakafu kwa mlio ambao watu wa nje waliusikia. Olivo akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba limegusa. Ines akasema mwisho wa matembezi ni hapa, njia itatengenezwa theluji ikiyeyuka, na kama kuna mwenye neno aseme sasa kabla watu hawajala. Hakuna aliyekuwa na neno. Walikuwa na njaa.

Moto ukawashwa, maji yakachemka, unga ukamiminwa. Nives hakuweza kuinua mkono kushika mwiko, kwa hiyo Olivo alikoroga, na kukoroga polenta ya sufuria lile si mchezo, jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Nives alikaa kwenye kigoda karibu yake, bega limefungwa kitambaa. Wengine walikuwa nje wakifungua mvinyo.

Olivo akasema bila kumtazama, "Silvano alikuwa akilitua."

Nives alidhani hakusikia vizuri.

"Kila zamu. Pale chini ya mnyororo, misonobari inapoishia kabisa. Analitua, anavuta sigara, mimi namtwika tena. Nilikuwa shahidi wake, nikageuza uso. Alikuwa mdogo wangu, ningefanyaje?" Akakoroga raundi kadhaa. "Sikukataa kupanda leo kwa ubaya tu. Nilijua haiwezekani. Sikutaka kukuona ukilitua, halafu nianze tena kusema uongo."

"Unajuaje kwamba sikulitua?"

"Ungelitua, nani angekutwika?"

Miaka yote Nives alikuwa akimsimulia kila mgeni aliyelala pale habari za mgongo wa Silvano. Alikasirika, alikasirika kweli, kiasi kwamba Silvano angekuwepo angemrushia kigoda. Alitamani sana awepo ili amrushie. Kisha akaona kwamba katika watu wote waliowahi kulibeba sufuria lile mpaka juu, aliyelifikisha bila kulitua alikuwa mmoja, naye alikuwa amekaa hapo hawezi hata kujikuna pua. Machozi yakamtoka na kicheko juu yake, na hakujishughulisha kuyafuta.

Olivo alikuwa ameacha kukoroga, anamtazama. Nives akamwambia aendelee, polenta inashika chini.