Mbuzi Ndani ya Damu Yangu

Figo yangu moja ilikuwa iende kwa binti yangu Josiane. Miaka miwili alikuwa akifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, huko Pearland, kando ya Houston. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa kizuri. Kilibaki cha mwisho, Jumatatu, Houston.

Jumapili kanisa letu la Fort Worth liliniombea. Kwetu mtu anayekwenda kupasuliwa haondoki bila kulishwa. Mama Esperance aliweka paja la mbuzi mbele yangu, akasimama hapo mpaka nikamaliza.

"Kula, Papa Émile. Damu iwe nzito, Wamarekani washangae!"

Akanipa na chupa ya supu ya mifupa. Alfajiri niliinywa yote nikiendesha gari.

Mchana huohuo, baada ya kutolewa damu hospitalini, nesi Rukaya, Mtanzania anayewaandaa watoaji wa figo, aliniita ofisini kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kreatinini imepanda. Ile taka ya misuli ambayo figo huichuja. Ilikuwa sifuri nukta tisa, leo ni moja nukta nne. Daktari amesimamisha kila kitu."

Nina miaka sitini na sita. Biolojia niliifaulu shule ya usiku nikiwa na sitini. Nilijua maana ya namba hiyo: figo zangu zimeanza kuchoka. Akilini nilimwona Josiane akibaki kwenye kiti chake cha mashine.

"Mzee, asubuhi ulikula nini?"

Swali lilinikera. "Supu tu."

"Ya nini?"

"Mifupa ya mbuzi. Ilichemka saa nyingi."

"Na jana?"

"Paja."

Rukaya aliziba mdomo, lakini kicheko kilimponyoka. "Mzee wangu! Tumekuita tupime figo, wewe umetuletea mbuzi!"

Akanieleza. Nyama ikipikwa sana hutoa kreatinini ileile, nayo huingia kwenye damu. Mashine ya maabara huihesabu tu; haiwezi kujua kama msuli ni wangu au wa mnyama.

Nilitazama pamba iliyobandikwa mkononi mwangu. Mbuzi aliyekuwa akila majani juzi, leo yumo kwenye kichupa chenye jina langu! Vitabu vyangu vyote havikunieleza hilo.

"Huenda ni mbuzi, huenda ni figo," Rukaya alisema, sasa bila kucheka. "Usile nyama wala samaki. Kunywa maji. Rudi Alhamisi."

Nilikaa kwa Josiane, nikala chakula chake cha mgonjwa wa figo: wali, kabichi iliyochemshwa, chumvi kidogo mno. Siku ya pili nilishindwa kumaliza. Yeye alikuwa amekila miaka miwili, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Hapo nilishangaa zaidi kuliko nilivyomshangaa mbuzi.

Alhamisi nilirudi kutolewa damu; jioni simu ya Rukaya ililia tukiwa mezani. Niliweka sauti ya nje tusikie sote.

"Sifuri nukta tisa, mzee. Daktari ameridhika. Upasuaji ni tarehe kumi na mbili."

Josiane alifunika uso kwa mikono. Simu ililia tena: Mama Esperance.

"Papa Émile, ile supu ilifanya kazi?"

"Ilifanya, mama. Hata daktari aliiona."

"Si nilisema! Basi nakupikia nyingine."

"Ngoja kwanza," nilimwambia, nikimtazama binti yangu. "Safari hii utatupikia wawili, tukishapona."

Nikavuta sahani yangu, nikamaliza kabichi yote.